Eneokazi hupimwa siku ya sasisho

Tarehe 11 Desemba 2025, kampuni ya System76 ya Denver, Marekani, ilitoa toleo la kwanza imara la COSMIC, mazingira mapya ya eneokazi kwa Linux (yaani upau, madirisha na menyu unazofanyia kazi kwenye skrini) yaliyoandikwa upya kabisa kwa lugha ya programu ya Rust. Yalikuja ndani ya Pop!_OS 24.04 LTS, mfumo wa Linux wa kampuni hiyo hiyo; LTS ni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu. Itazame namba hiyo vizuri. 24.04 ni Aprili 2024. Toleo lenye jina la Aprili 2024 limewafikia watu karibu na Krismasi ya mwaka uliofuata. Waliokuwa kwenye toleo la nyuma yake, 22.04, walikaa na GNOME 42, eneokazi la mradi mwingine, ikiwa na viraka, kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu wakingoja.

Kelele zilizofuata zilikuwa zile zile za siku zote. COSMIC na GNOME nani mkali, GNOME na KDE Plasma, eneokazi jingine kubwa, nani anapendeza, nani anakula RAM kidogo. Picha za skrini zikarushwa kila upande. Mimi sioni tunachovuna kwenye mashindano ya aina hiyo. Maeneokazi yote makubwa leo yanapendeza, yote yanafungua kivinjari, yote yanatambua printa mkiwa na bahati. Kinachoyatofautisha hakionekani kwenye picha: toleo jipya likitoka, mzigo wa mabadiliko anabebeshwa nani? Waliolitengeneza, au mtu aliyewasha kompyuta yake asubuhi ili afanye kazi?

COSMIC yenyewe ni mtoto wa swali hilo. System76 huuza kompyuta zenye Linux, na tangu 2017 Pop!_OS yao ilikaa juu ya GNOME. Vitu vyao wenyewe, hasa ule utaratibu wa kuyapanga madirisha ubavu kwa ubavu bila kugusa kipanya, walivipachika kwa viendelezi, yaani programu ndogo za kuliongezea eneokazi uwezo. GNOME hutoa toleo jipya kila Machi na kila Septemba, kwa hiyo kila toleo walilolipokea liliwarudisha wahandisi wa Denver mezani kushona palipofumuka. Mwaka 2021 ukaja ugomvi wa sura: GNOME ilikuwa inahamia kwenye libadwaita, maktaba inayozipa programu zake mwonekano mmoja, na distro (mifumo kamili iliyojengwa juu ya Linux) zilizozoea kupaka rangi zao zikaona mlango unafungwa. Novemba mwaka huo huo mhandisi mkuu wao, Jeremy Soller, akasema hadharani kwamba wanajenga eneokazi lao lisilotegemea GNOME. Alikuwa mpangaji aliyechoka kupaka rangi chumba ambacho mwenye nyumba anabomoa ukuta wake kila nusu mwaka, akaamua kununua kiwanja.

(Mwezi huo huo Pop!_OS ilikuwa imepata aibu yake. Linus Sebastian, mtengeneza video maarufu wa Canada, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya duka la michezo ya kompyuta; kompyuta ikamwonya kwamba itafuta vitu muhimu, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali, akaiandika. Eneokazi lote likaondoka mbele ya mamilioni ya watazamaji. Kosa lilikuwa la vifurushi vya programu wala si la GNOME, lakini mzigo aliubeba nani? Aliyeketi mbele ya kibodi.)

Tuje kwenye viendelezi vyenyewe, kwa sababu hapa ndipo GNOME inapohukumiwa, na mara nyingi inahukumiwa na watu wasioelewa kinachotokea ndani.

Ukisakinisha GNOME ilivyo, huna upau wa chini wenye programu zako, na huna zile aikoni ndogo za pembeni zinazokuambia kwamba programu fulani bado inafanya kazi nyuma ya pazia. Watu wengi wanavitaka hivyo viwili. Jibu la GNOME kwa miaka yote limekuwa: tafuta kiendelezi. Sasa, kila kiendelezi kina faili dogo la maelezo, na ndani yake kuna mstari unaotaja namba za matoleo ya GNOME ambayo mtengenezaji amekijaribu. Ukisasisha kompyuta kwenda GNOME 49 na mstari ule unaishia 48, kiendelezi kinazimwa. Hakiulizwi kama bado kinafanya kazi. Mtengenezaji, ambaye kwa kawaida ni mtu mmoja anayefanya kazi hiyo usiku baada ya ajira yake, inabidi akijaribu, aongeze namba, akipakie upya na asubiri mhakiki akipitishe. Wewe mtumiaji wakati huo unatazama skrini isiyo na upau.

Huo ndio mwaka mzuri. Mwaka mbaya ulikuwa 2023. GNOME 45 ilibadilisha namna viendelezi vinavyoita maktaba za JavaScript, na matokeo yake kila kiendelezi, hata kile kisichokuwa na hitilafu yoyote, kikahitaji kuandikwa upya sehemu zake. Tena nakala moja haikuweza kuhudumia 44 na 45 kwa pamoja. Kwa upande wa uhandisi badiliko lilikuwa sahihi, lilifuata kiwango cha kisasa cha JavaScript. Kwa upande wa watu, wengine walisasisha wakakuta nusu ya mazoea yao yamezimika, na watengenezaji waliochoka hawakurudi tena.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Kiendelezi cha GNOME hakikai nje ya eneokazi. Kinaingia ndani ya programu kuu yenyewe na kubadilisha sehemu zake wakati inafanya kazi. Kiendelezi kikiwehuka kinaweza kuiangusha programu kuu, na chini ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, programu hiyo ikianguka, kikao chote (kila ulichokuwa umekifungua) kinaondoka pamoja na barua uliyokuwa hujaihifadhi. COSMIC imelikwepa shimo hilo kwa makusudi: vijiprogramu vya kwenye upau wake vinaendeshwa kila kimoja peke yake, kikifa kimoja vingine havijui hata kama kuna msiba. Kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa wa toleo hili kuliko rangi zake, na ajabu ni kwamba hauonekani kwenye picha hata moja.

Haki ya GNOME nayo ielezwe. Timu yake inaamini kwamba kila kitufe cha mipangilio ni deni: lazima kijaribiwe, kitafsiriwe, kitunzwe, na kikutanishwe na vitufe vingine vyote. Ukiitumia ilivyo, bila kiendelezi hata kimoja, sasisho lake hupita kimya kuliko la mtu yeyote. Ni eneokazi lililonyooka, na pesa zinazowekwa pale hazichezewi. Mwaka 2023 mfuko wa serikali ya Ujerumani, Sovereign Tech Fund, ulitoa euro milioni 1 zikatumike kwenye mambo ya msingi kama vifaa vya wenye ulemavu. Shida ni kwamba watu wachache wanaitumia ilivyo. Hata distro ya Ubuntu, iliyoachana na eneokazi lake la Unity mwaka 2017 ikarudi GNOME, huiletea wateja wake ikiwa tayari imepachikwa upau wa pembeni kwa kiendelezi. Hesabu pia waliotoka nyumba hiyo kwa hasira. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 na kuutupa upau wa zamani, mtumiaji mmoja wa Argentina aliichukua GNOME 2 na kuiendeleza kwa jina la MATE. Distro ya Linux Mint ikazaa eneokazi la Cinnamon. Ubuntu walikuwa wameshashika njia ya Unity. COSMIC ni wa nne. Mradi ukizalisha waasi kwa mpangilio huo, tatizo haliwezi kuwa la waasi peke yao.

KDE ilipita moto huo mapema zaidi, na nadhani iliungua vya kutosha ikajifunza. Januari 2008 walitoa KDE 4.0. Wenyewe walisema ni toleo la kuwawezesha watengenezaji wa programu waanze kazi, lakini namba ilisomeka 4.0, distro zikaipakia, watu wakasasisha. Vitu vilivyokuwepo KDE 3.5 havikuwepo, vilivyokuwepo vilianguka. Linus Torvalds mwenyewe aliihama akaenda GNOME, halafu GNOME 3 ilipokuja akaihama nayo akaenda Xfce, eneokazi jingine, na baadaye akarejea GNOME. Mtu aliyeanzisha Linux alikuwa anahamahama kama mkimbizi kwa sababu ya masasisho ya watu wengine.

Sasa linganisha na tarehe 28 Februari 2024. Siku hiyo KDE walitoa kwa mkupuo mmoja Plasma 6, maktaba zao za Frameworks 6 na programu zao za Gear, sehemu kubwa ikiwa imehamia Qt 6, toleo jipya la maktaba ya kujengea madirisha na vitufe. Kwa ndani ilikuwa kazi kubwa sawa na ya 2008. Kwa nje ulikuta upau wa chini umeinuliwa kidogo ukaelea, faili sasa linafunguliwa kwa kubofya mara mbili badala ya moja, na Wayland imekuwa chaguo la kwanza. Hutaki upau unaoelea? Unauzima. Unataka kubofya mara moja? Unarudisha. Wengi walisasisha, wakatafuta cha kulalamikia, wakarudi kazini.

Siri yake ni kwamba yale ambayo kwa GNOME ni viendelezi, kwa KDE yako ndani ya Mipangilio, na timu yenyewe ndiyo inayoyabeba toleo hadi toleo. Bei unailipa kwa namna nyingine: ukiifungua Mipangilio ya Plasma mara ya kwanza utadhani umeingia chumba cha rubani. Na bado kuna siku mtu anapotelea humo. Plasma pia husambaza majukumu: programu inayochora madirisha na ile inayoonyesha upau ni mbili tofauti, kwa hiyo upau ukifa unafufuka wenyewe na madirisha yako yapo pale pale.

Ila KDE nao wana doa, na ni doa zito. Machi 2024, wiki chache baada ya Plasma 6, mtu mmoja alipakua mandhari kutoka kwenye duka la KDE, ile aina inayobadilisha sura nzima ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na msimbo ulioandikwa wakati wa Plasma 5. Chini ya Plasma 6 msimbo ule ulifuta faili zake zote. Hapakuwa na nia mbaya, ni amri ya kufuta iliyokosea njia kwa sababu mambo yamebadilika chini yake. Watu wengi hawakujua kabisa kwamba kitu kinachoitwa mandhari kinaweza kuendesha amri kwenye kompyuta yao. Walidhani ni rangi na aikoni. KDE wakaongeza maonyo. Vijiprogramu na mandhari nyingi za Plasma 5 nazo ziliachwa njiani kwa kukosa mwenyewe wa kuzihamisha, na Latte Dock, iliyopendwa mno, ilikuwa imekwisha kuachwa na mtengenezaji wake tangu 2022. Kwa hiyo hata hapa kanuni ni ile ile: kilicho mikononi mwa timu kinavuka salama, kilicho mikononi mwa mtu mmoja kinazama.

Kuhusu Wayland nitakuwa mfupi, maana ugomvi wake umeshaandikwa hadi umechosha. X11, mfumo uliotangulia Wayland, ni ya mwaka 1987, imezeeka, na wanaoijua vizuri ndio wanaotaka kuizika. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilikizima kikao cha X11, na KDE wametangaza kwamba Plasma 6.8 haitakuwa nacho, wale wanaokihitaji watahudumiwa mpaka mapema 2027. COSMIC haikuwahi kuwa na X11 kabisa. Programu za zamani zinaendelea kufunguka kupitia XWayland, daraja kati ya mifumo hiyo miwili. Wanaoumia ni wanaotegemea kisoma skrini, wanaoendesha kompyuta ya mtu kwa mbali, na wenye amri zao za kubofya zenyewe. KDE wametangaza mapema na kutoa muda. Kutangaza mapema nako ni kubeba mzigo.

Xfce haina habari, na hiyo ndiyo habari yake. Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996. Kati ya toleo la 4.12 la Februari 2015 na la 4.14 la Agosti 2019 ilipita miaka minne na nusu, 4.20 ilitoka Desemba 2024, na Wayland ndani yake bado ni ya majaribio. Mtu aliyejifunza Xfce miaka kumi iliyopita akikaa leo mbele yake hataona kigeni. Cinnamon ya Linux Mint iko katikati: inatembea, lakini inatembea juu ya Ubuntu za LTS, kwa hiyo Mint 22 ya Julai 2024 inatunzwa hadi 2029. Hakuna anayeimba sifa za haya mawili siku ya toleo jipya, na sioni kwa nini waimbe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu mbili za mfukoni. Ya kwanza ni mashine zenyewe. Kompyuta za mtumba zinazopangwa Kariakoo na Luthuli Avenue, zile EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, zina Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 rasmi inataka cha 8 kwenda mbele. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. (Kwa bahati, ni siku ile ile Matthias Ettrich aliyotangaza mradi wa KDE mwaka 1996, na KDE hawakuiacha ipite bila kuitangazia.) Mashine hizo hazijafa. Zikiwa na RAM ya GB 8 na SSD, zinaendesha lolote kati ya haya bila kuhema. Zikiwa na GB 4 na diski ya kuzunguka, weka Xfce, lakini pesa ya kwanza utakayopata nunua SSD, kwa sababu ukishafungua kivinjari chenye kurasa nyingi tofauti ya RAM kati ya Xfce na Plasma inamezwa hapo hapo.

Sababu ya pili ni bando. Sasisho linaliwa na bando la mtu, na wabunifu wengi wa mambo haya wanaishi kwenye nyumba ambazo intaneti haina kikomo. Programu za Flatpak, yaani zilizofungashwa ili ziendeshwe kwenye distro yoyote, hupakua pamoja nazo misingi (maktaba) ya GNOME au ya KDE, na msingi ukipandishwa toleo unapakua mamia ya megabaiti upya kwa ajili ya kikokotoo kilichokuwa kinafanya kazi vizuri jana. Kwa mtu wa ofisi ndogo Singida au Kitale, distro inayosasisha kila wiki ni anasa, hata kama ndiyo inayoleta Plasma mpya kwanza.

Na tusisahau lugha. Hakuna kati ya haya lililokamilika kwa Kiswahili. Si kwamba hakuna aliyewahi kujaribu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi walidhani haiwezekani. Lakini kila toleo jipya la programu huja na menyu mpya na maonyo mapya, na watafsiri wakikosa wa kuwawezesha, kazi yao inachakaa ikiwa bado mpya. Eneokazi linalobadilisha sentensi zake kila miezi sita linaikimbia timu ndogo ya watafsiri. La polepole linawasubiri. Kama leo kungekuwa na vijana watano Dodoma au Mombasa wanaotaka kulifanya eneokazi moja lizungumze Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, ningewaelekeza Xfce bila kufikiri mara mbili.

Basi COSMIC tuiweke wapi? Msingi wake wa kiufundi naupenda. Kupanga madirisha kumekaa ndani yake badala ya kupachikwa, vijiprogramu vimetenganishwa, na timu inalipwa mshahara. Lakini kipimo ninachokitumia hapa haijakifanya. Imetoa toleo moja imara, na ili kulifikisha iliwaweka watumiaji wake foleni kwa miaka. Inategemea pia kampuni moja ya ukubwa wa kati inayouza kompyuta. Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilikuwa kubwa kuliko hiyo na Unity ikaachwa kwa tangazo moja la Aprili 2017. Nitakachokiangalia ni toleo kubwa lijalo: kijiprogramu kilichotengenezwa na mtu baki kwa ajili ya toleo hili la kwanza, kitafunguka kwenye la pili bila mwenyewe kukigusa? Mipangilio ya mtu itavuka? Kwa sasa mashine za ofisini naziwekea Mint, yangu ina Plasma, na COSMIC iko kwenye diski ya pembeni.